Tumbo la mtoto na kazi ya kijiko

Mwaka jana binti yangu, akiwa na miezi kumi, alipata tumbo la kuendesha lililoanza kama mchezo na likatufikisha kituo cha afya. Kabla hajapona likanikamata mimi, kisha likampata mama mkwe aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu. Tuliuguza kwa zamu. Naandika kwa sababu kila ninayemsikia kapatwa na mkasa huu anaanzia palepale tulipoambiwa tuanzie sisi, yaani dukani kutafuta dawa ya kukata kuharisha, na kazi yenyewe haiko huko.

Alianza kwa kutapika. Alikunywa uji wa jioni vizuri, akacheza, akalala, na kama saa nne usiku akautapika wote kitandani. Tukasema labda ameshiba kupita kiasi. Alfajiri ikaanza choo: majimaji ya rangi ya njano inayoelekea kijani, yenye harufu kali ya kuchacha, yanayotoka kwa kishindo na kupita pembeni ya pampasi. Joto lilikuwa limepanda kidogo. Hadi jua linachomoza, pakiti ya pampasi niliyoipigia hesabu ya wiki ilikuwa imebaki ganda.

Tunaishi nyumba ya kupanga Buguruni, vyumba vimezunguka ua, choo cha kuchangia, bomba moja ambalo maji yake yanakuja yanapotaka. Mtoto akiumwa kwenye nyumba kama hii, mgonjwa ni wa wote na kila mtu ana lake la kusema. Wa kwanza alisema ni meno. Hilo nililisikia mpaka likanichosha, na nilikuja kumuuliza daktari baadaye. Akanijibu kwamba meno na kuharisha vinakutana njiani tu: umri huo wa kuota meno ndio mtoto anatambaa, anaokota kila kitu chini na kukipeleka mdomoni, na ile kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama imeshapungua. Hatari ya kusingizia meno ni kwamba unakaa ukisubiri jino litoke huku mtoto anakauka.

Wa pili, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alimfungua mdomo, akapapasa ufizi na kidole, akasema, "Mwanangu, huyu ana meno ya plastiki. Yupo mzee anayatoa, ni dakika moja." Damu ilinisisimka. Kwa asiyejua: wapo wanaoamini kwamba kuna meno mabaya meupe, laini, yanayojificha ndani ya ufizi na kuleta homa na kuharisha, na dawa yake ni kuyang'oa. Kinachokwanguliwa pale, kwa kisu au kitu chochote chenye ncha, ni kichipukizi halisi cha jino ambalo halijakomaa. Mtoto anatoka na jeraha kinywani, anashindwa kunyonya wakati ambao kunyonya ndiko kunakomwokoa, na tumbo linaendelea kama lilivyokuwa. Nilimshukuru mama yule kwa heshima zote, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikatoka.

Wa tatu aligusa utosi, akasema, "Umebonyea." Huyu alikuwa ameona sawasawa! Utosi wa mtoto mchanga ukizama ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Ila ushauri uliofuata ulikuwa wa kupaka dawa ya kienyeji juu ya huohuo utosi, ili upande. Utosi haupandi kwa kupakwa kitu. Unapanda maji yakirudi.

Duka la dawa la karibu, kijana wa kaunta alinisikiliza nusu, akanipangia vitu vitatu mezani: Flagyl ya maji, chupa ya antibayotiki ya kuchanganya, na vidonge vya kukata kuharisha ambavyo aliniambia nivivunje nusu. Jumla shilingi elfu kumi na nne. Nikamuuliza, "ORS huna?" (ile pakiti ya unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ya kurudisha maji mwilini). Akasema ipo, mia tano, kama vile nimemuuliza bei ya pipi. Nikachukua ORS peke yake, kwa kuwa kliniki ya watoto walikuwa wametuimbia hilo somo, na kusema kweli elfu kumi na nne sikuwa nayo. Umaskini nao una siku zake za kufaa.

Vile vidonge vya kukata kuharisha ndivyo vilivyomkunjisha uso daktari zaidi nilipomsimulia. Vinafanya utumbo upunguze kujongea. Kwa mtu mzima anayesafiri na basi, asiye na homa wala damu kwenye choo, vina matumizi yake. Kwa mtoto mdogo ni hatari, utumbo unaweza kugoma kabisa, tumbo likavimba, na yale maji unayodhani umeyazuia yamekaa ndani ya utumbo, hayajarudi kwenye damu. Unaona pampasi kavu unashangilia, kumbe mtoto anazidi kukauka.

Nyumbani nikachanganya ORS, nikampa kwenye kikombe. Alikuwa na kiu, akagugumia chote, na kabla sijaweka kikombe chini akakirudisha chote kifuani kwangu. Tukarudia, ikawa vilevile. Baba yake akarudi na pakiti ya glukosi na soda ya chupa, akiwa na nia njema kabisa. Ilipofika mchana pampasi ilikuwa na choo lakini haina mkojo, au kama upo, siuoni. Akilia, machozi hayatoki. Macho yameingia ndani. Alikuwa msumbufu ajabu, hataki kushikwa wala kuachwa. Nikasema basi, twende.

Kituo cha afya cha serikali, mtoto chini ya miaka mitano hatozwi, hiyo ndiyo sera. Tulilipia bajaji, na baadaye zinki, kwa sababu siku ile ilikuwa imeisha kwenye dirisha la dawa ikabidi tukanunue nje. Nauli na dawa pamoja havikufika bei ya ule mzigo wa kaunta.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kuamrisha. Hakuniuliza habari za meno. Aliuliza ameharisha tangu lini, kuna damu kwenye choo, anatapika, amekojoa saa ngapi. Akampima uzito: kilo nane. Halafu akamlaza, akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, katikati ya kitovu na ubavu, akaachia, akatazama. Ngozi ilibaki imesimama kidogo ndipo ikarudi. Kwa mtoto mwenye maji ya kutosha inarudi papo hapo, huoni kitu. Akachovya kijiko kwenye kikombe cha maji, akampa, mtoto akakivamia na kukishika kwa mikono miwili. "Ana kiu, ana usumbufu, macho yamezama, ngozi inarudi polepole," alisema akiandika. "Huyu amepungukiwa maji, lakini anakunywa. Angekuwa amelegea, haamki vizuri, hawezi kunywa, ningekimbilia mshipa sasa hivi. Mama, leo kazi ni yako."

Kazi yenyewe ni hii. Mtoto wa namna hiyo anapewa mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa nne. Kilo nane ni mililita 600. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5. Piga hesabu: vijiko 120 kwa saa nne, kijiko kimoja kila dakika mbili. Tulikalishwa kwenye benchi pembeni, akina mama na watoto wao, kila mmoja na jagi lake na kijiko chake, saa ya ukutani mbele yetu. Nilipouliza kwa nini asinywe tu kwenye kikombe, nesi alisema tumbo lililovimba kwa ugonjwa likijazwa ghafla linasukuma nje. Ukilidondoshea kidogokidogo halishtuki. Akitapika, nisubiri dakika kumi, nianze tena, polepole zaidi. Alitapika mara moja. Nikasubiri nikitazama mshale wa saa, moyo unadunda, nikaanza tena.

Mkono unauma, jamani. Unaanza kuona kijiko kizito. Mama wa pembeni yangu alikuwa amesinzia, mwanawe akamwamsha kwa kuvuta kijiko. Katikati nilikuwa nanyonyesha, nesi alisisitiza hilo: ziwa halisimamishwi hata kidogo. Kama saa ya tatu hivi binti yangu alitulia, akaanza kutazama watu. Kisha nikahisi joto mapajani: amekojoa, akapitiliza pampasi, akalowesha kitenge. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile. Nikamwita nesi kwa sauti utadhani nimeshinda bahati nasibu, naye akaja akabana ngozi tena. Ikarudi mara moja.

Daktari alipokuja, niliuliza kila kitu nilichokuwa nacho moyoni. Kwanza, mbona hamkupima choo? Akasema choo cha majimaji kisicho na damu kwa mtoto wa umri huu, mara nyingi ni virusi, na hata akimjua kwa jina, tiba haibadiliki. Kirusi cha rota ndicho maarufu kwa watoto, noro anawapata wakubwa kwa wadogo. Wapo na bakteria: shigela, salmonela, kampilobakta, aina fulani za E. koli, na kipindupindu chenyewe. Wapo vimelea kama giadia na amiba. Karibu wote njia yao ni moja, kinyesi cha mtu au mnyama kimefika kinywani kwa mwingine, kupitia maji, mikono, chakula au nzi. Alichopima ni malaria, kwa tone la damu ya kidole, maana mtoto alikuwa na homa na malaria nayo huweza kuja na kutapika na kuharisha. Majibu yakawa hana.

Pili, mbona hamumpi dawa ya kuua wadudu? Antibayotiki haiui virusi. Inakwenda kuua bakteria wazuri waliomo tumboni, na kwa baadhi ya watoto yenyewe inaongeza kuharisha. Inaandikwa pale choo kinapokuwa na damu, kwa sababu hapo shigela ndiye wa kwanza kushukiwa, na kwenye kipindupindu kikali, na mazingira mengine machache ambayo daktari ndiye anayeyaona. Flagyl ina kazi yake kwa amiba na giadia, lakini imegeuzwa kuwa dawa ya kila tumbo linalonguruma.

Tatu, kadi ya kliniki inaonyesha alipata matone ya chanjo ya rota, wiki ya 6 na wiki ya 10. Mbona ameumwa? Hapa daktari alicheka kidogo. Chanjo hiyo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwanzoni mwa 2013 na Kenya mwaka 2014, inazuia zaidi ule ugonjwa mkali unaolaza na kuua. Haiahidi kwamba mtoto hataharisha kamwe. Na virusi wengine haiwagusi. "Pengine bila hiyo ungekuwa unaniuliza haya akiwa na dripu," alisema.

Kuhusu ORS nilidhani ni maji ya chumvi na sukari ya kumpa mtoto nguvu. Nguvu siyo hoja. Utumbo unaoumwa unashindwa kunyonya chumvi ikiwa peke yake, lakini una mlango ambao glukosi (aina ya sukari) na sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) huingia kwa pamoja, na vikishaingia, maji yanavifuata. Ndiyo maana glukosi tupu ya dukani haifai: haina chumvi. Soda ndiyo mbaya zaidi, ule wingi wa sukari unayavuta maji kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo na kuharisha kunazidi. Dafu ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima mwenye tumbo la kawaida, ila sodiamu yake ni kidogo, haliwezi kushika nafasi ya ORS kwa mtoto aliyekauka.

Jambo hili lilithibitishwa mahali pagumu. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa Bangaon upande wa India na kipindupindu kikaingia kambini. Dripu zikaanza kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na glukosi yaliyochanganywa kwenye mapipa, wanaonywesha wakiwa ni ndugu zao wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa mia hadi chini ya 4. Nimesoma hayo baadaye, na nilipoyasoma nilikumbuka jinsi nilivyokuwa nikililia dripu pale kwenye benchi.

Sasa, kuchanganya. Pakiti ya kawaida ina gramu 20.5 na ni ya lita moja kamili. Soma paketi yako, kwa sababu zipo ndogo za maji machache. Watu wengi nimewaona wakimimina pakiti nzima kwenye glasi, au kwenye chupa ya nusu lita kwa kuwa ndiyo iliyopo. Hiyo inakuwa chumvi kali, inaweza kumdhuru mtoto. Na ukigawa pakiti kwa macho, nusu leo nusu kesho, hujui glukosi imebaki upande gani. Tafuta chupa ya lita moja, maji yaliyochemshwa na kupoa, mimina pakiti yote, tikisa. Usiyachemshe tena baada ya kuchanganya, usiongeze sukari wala juisi. Yakifika saa 24 mwaga, changanya mengine. Mahali ambako pakiti hakuna kabisa, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi, vinasaidia wakati unatafuta pakiti. Lakini kijiko cha kurundika ni kosa kubwa hapo, hasa cha chumvi.

Tuliruhusiwa jioni na maagizo. Kila akiharisha, mililita 50 hadi 100 juu ya kunyonya kwake. Mtoto wa miaka miwili na kuendelea 100 hadi 200. Zinki miligramu 20 kila siku, siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita ni nusu yake), kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Hii zinki ndiyo akina mama wengi wanaiacha njiani mtoto akishapata choo kigumu. Maliza dozi. Inafupisha ugonjwa huu na pia inapunguza uwezekano wa mwingine katika miezi miwili mitatu inayofuata. Ina ladha ya chuma, binti yangu aliitemea ukutani, tukaigeuzia kwenye maziwa.

Na chakula asinyimwe. Bibi zetu walikuwa wanapumzisha tumbo, mtoto anashinda na maji ya mchele tu, anatoka kwenye ugonjwa akiwa mifupa. Sisi tulimpa uji laini, mtori, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa na mafuta kidogo, mara nyingi na kidogokidogo. Siku za kwanza alikula kama anatufanyia hisani.

Alikuwa bado anaharisha. Hilo lilimvunja moyo baba yake, akawa anauliza, "Sasa ile hospitali imetibu nini?" Ni swali la haki. ORS haikati kuharisha. Kuharisha kunakwenda na muda wake, siku tano, saba, wakati mwingine zaidi kidogo, mpaka utumbo ujisafishe na kujijenga. Ukishalielewa hilo unaacha kuhesabu pampasi zenye choo na kuanza kuhesabu zenye mkojo. Tuliambiwa turudi haraka tukiona damu kwenye choo, anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au hazinduki vizuri, homa inapanda, au degedege. Na kama kuharisha kungevuka siku 14, huo ni ugonjwa wa namna nyingine, unahitaji uchunguzi wake.

Mimi lilinipata nikiwa bado nasafisha yake. Kichefuchefu, kutapika usiku kucha, miguu inakaza misuli. Nilimnyonyesha hivyohivyo, maziwa hayabebi ugonjwa huu, na yana kinga. Ila mikono nilikuwa nanawa kwa sabuni kila mara, na kazi ya kupika nikamwachia mume. Ugali wake sitausema.

Aliyetutia hofu kuliko wote ni mama mkwe. Mtoto anapiga kelele, mtu mzima ananyamaza. Kila nikimpelekea kikombe, "Sina kiu, mwanangu, weka hapo." Wazee kiu yao hupungua, mwili unakauka bila kuwaambia. Tena anatumia dawa za presha, moja ikiwa ya kutoa maji kwa mkojo. Asubuhi alisimama aende uani akayumba, akashika ukuta. Tukampeleka zahanati moja ya binafsi iliyo karibu. Pale wakampima damu, wakasema ana taifodi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), wakamwandikia sindano za siku tano na dripu mbili, na bili yake ilitufanya tutazamane. Mume akampigia daktari anayemhudumia mama presha. Huyo aliuliza mambo matatu: anakunywa akinyweshwa, anajitambua, presha ngapi sasa. Akasema asimamishe ile dawa ya kutoa maji hadi atakapomwona, anyweshwe ORS kwa kufuata saa, na aletwe kwake siku hiyohiyo. Alipofika alipimwa figo, akawekewa dripu moja baada ya kuonekana kweli anaihitaji, sindano zile hazikuchomwa. Naomba mwenye mgonjwa wa presha, kisukari au figo asiamue mwenyewe dawa ipi iachwe. Piga simu uliza, lakini uliza mapema. Na kile kipimo cha taifodi cha haraka cha tone la damu kinadanganya mno. Nusu ya Dar ingekuwa na taifodi kwa mahesabu yake.

Baada ya hapo ndipo tukakaa kujiuliza limetoka wapi. Jibu la uhakika hatukupata. Maji ya kunywa tulikuwa tunachemsha, lakini tukiyahifadhi kwenye ndoo pana na kuchota kwa kikombe, kikombe hichohicho kinachoshikwa na kila mkono, pamoja na wa mtoto wa jirani aliyetoka uani sasa hivi. Maji yaliyochemshwa na kuchotwa kwa mkono mchafu ni machafu. Tukanunua ndoo yenye koki na mfuniko. Choo cha pampasi tulikuwa tunakifunga na kukitupa kwenye pipa la wazi, nzi wakihudhuria. Watu husema choo cha mtoto hakina madhara. Cha mtoto anayeharisha ndicho kimejaa virusi. Sasa kinatupwa chooni kwanza, pampasi inafungwa kwenye mfuko. Palipotapikwa panafutwa na maji ya Jik, siyo kudekiwa tu. Vitakasa mikono vya spiriti vile vya chupa ndogo havimwezi vizuri kirusi cha noro, sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayomtoa. Na wali uliolala kwenye sufuria bila friji, ambao unamtapisha mtu ndani ya saa chache baada ya kula, hiyo nayo ni habari nyingine, mara nyingi ni sumu iliyoachwa na bakteria, ukiupasha moto haitoki.

Jambo moja silichanganyi na haya yote. Mtu anayeharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, kwa wingi, bila maumivu makubwa, macho yakazama ndani ya saa chache, huyo ni wa kushukiwa kipindupindu, na hapo hakuna kusubiri kuche. Wakazi wa Dar waliokuwepo Agosti 2015, ugonjwa ulipoanzia hapa na kusambaa mikoani, wanajua kasi yake. Unaanza kumnywesha ORS ukiwa njiani, kwenye bajaji yenyewe.

Juzi mdogo wangu wa Kigoma alinipigia usiku, mwanawe wa mwaka na nusu anaharisha tangu asubuhi, ameshaambiwa na watu watatu ni meno. Nikamuuliza amekojoa saa ngapi. Akasema muda si mrefu, kamkojolea shemeji. Akilia machozi yanatoka? Yanatoka. Ana ORS? Anayo, kaichanganya kwenye glasi. Nikamwambia amwage, atafute chupa ya lita moja na kijiko cha chai, aweke simu pembeni aangalie dakika. Saa nane usiku akaniandikia ujumbe: mkono unauma. Mtoto aliharisha hadi Alhamisi.